Chumvi Niliyoibeba kwa Ndoo

Bonge lilianguka kwenye ungo.

Mama alikuwa barazani anachambua mchele. Ilipoadhiniwa alasiri akauweka ungo chini, akaenda kutawadha. Hajafika hata mlango wa uani, akasikia kishindo. Aliporudi alikuta mchele umetapakaa mpaka kwenye ngazi, ungo umechanika ukingoni, na juu yake kipande cha zege kipana kama sahani ya pilau, unene wa vidole viwili. Upande mmoja kina rangi nyeupe niliyoipaka kwa mkono wangu. Upande wa pili kina mfereji wa kahawia ulionyooka kama umepigwa rula. Hapo ndipo nondo ilipokuwa imelala.

Alinipigia jioni, sauti haina haraka. "Ile slabu yako imetema tena," akasema. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Slabu yako.

Aliiita yangu kwa sababu mwaka 2019 nilifunga gereji siku nne, nikaenda Tanga na nyundo, brashi ya waya na mifuko miwili ya saruji. Slabu ya baraza, lile paa la zege juu yake, ilikuwa imevimba katikati na kupasuka. Nilibomoa sehemu mbovu, nikasugua nondo mpaka zikang'aa, nikazipaka rangi ya kuzuia kutu, nikaziba kwa mchanga wa mto niliouchekecha mwenyewe. Nikapiga picha, nikarusha kwenye kundi la familia. Nilisifiwa wiki nzima.

Safari hii nilipofika, kitu cha kwanza nilipanda ngazi nikakigonga kile kiraka kwa mpini wa bisibisi. Ko, ko, ko. Kizima kabisa. Nikasogea shubiri moja kushoto: bo, bo, bo. Kulia: bo, bo.

Kiraka kilikuwa kizima, majirani zake wamekufa.

Kama kazi yangu ingekuwa imeanguka yenyewe, ningejilaumu siku mbili nikasahau. Nimeharibu vitu vingi maishani na nimelala usingizi mzuri tu. Lakini kazi nzuri inayoua kando yake ilinikaa kichwani zaidi ya mwezi. Nikiwa chini ya gari la mteja nawaza slabu. Nikiwa msibani nawaza slabu.

Mrututu na sponji

Binamu yangu ni mhandisi wa majengo. Tumecheza wote kwenye baraza lile, kwa hiyo sikuhitaji kumbembeleza. Alikuja na begi, akatoa kifaa ambacho nilidhani ni cha hospitali: bomba la plastiki, ndani yake fimbo ya shaba imezama kwenye maji ya bluu, na chini yake kipande cha sponji.

"Haya maji nini?"

"Mrututu."

Mrututu! Bibi alikuwa anautia kwenye vidonda vya miguu yetu. Sasa binamu yangu anauleta kupima nyumba.

Alifunga waya mmoja kwenye nondo iliyokuwa wazi, wa pili kwenye ile fimbo ya shaba, katikati akaweka mita ya volti. Ni mita ileile ninayoitumia kila siku, hata rangi yake ya njano. Akalowesha slabu kwa maji, akaanza kugusisha sponji shubiri kwa shubiri, na mimi nikiandika namba kwa chaki pembeni ya kila alama. Kanuni aliyonipa ni nyepesi: kadiri namba inavyozidi kuwa hasi, ndivyo hali inavyokuwa mbaya. Ikivuka hasi 350 kwa milivolti, hesabu kwamba uwezekano wa nondo kuliwa umepita asilimia 90.

Kwenye kiraka changu: hasi 190.

Shubiri moja kushoto: hasi 420. Kulia: hasi 445.

Nilishuka kwenye ngazi nikakaa chini. Riziki yangu ni umeme wa magari, betri ndizo zimenisomeshea watoto. Ukiniwekea namba mbili tofauti kwenye chuma kimoja, huna haja ya kunieleza kinachoendelea. Umeme unatembea.

Slabu ya mama ilikuwa betri, na mimi ndiye niliyeichaji.

Binamu alimalizia pale nisipopajua. Nondo ndani ya zege zima haishiki kutu hata kukiwa na unyevu, kwa sababu saruji ni kali kama magadi, pH yake, yaani kipimo cha ukali huo, imepita 12. Ukali huo unaijengea nondo utando mwembamba usioonekana kwa macho. Chumvi ikifika, kloridi yake inautoboa utando ule, si wote, hapa na pale. Palipotoboka chuma kinayeyuka na kutoa umeme. Umeme unapita ndani ya nondo hiyohiyo hadi sehemu nyingine ambako kuna hewa na unyevu wa kuupokea. Kwa hiyo upande mmoja unaliwa, na upande wa pili, kwa sababu huyu mwenzake anaumia, unapona.

Rudia hiyo sentensi ya mwisho, maana mimi nilimrudisha nayo mara tatu.

Ile sehemu ya katikati niliyoihurumia mwaka 2019 ilikuwa kafara. Ilikuwa inaliwa kwa niaba ya nondo za kushoto na kulia. Nilipoisafisha na kuifunika kwa zege jipya lisilo na chumvi, niliiondoa kwenye ukafara. Majirani zake wakabaki ndani ya zege la zamani, chumvi ileile, bila wa kuwakinga. Zamu ikawa yao. Tena wao wakaanza kukilinda kiraka changu, ndiyo maana kilikuwa kizima namna ile.

Kutu yenyewe haitoshei pale ilipozaliwa. Inachukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilichokuwepo, na zege halina mahali pa kuiweka. Linavimba, linapasuka, linatema.

Mama alichagua neno sahihi kuliko sisi wote.

Unga wa keekee

Mpaka hapo nilikuwa nailaumu bahari. Nyumba yetu iko mwendo wa dakika tano kutoka maji. Msimu wa kusi ukipitisha kidole kwenye kioo cha dirisha asubuhi, ukakilamba, utajua uko wapi. Nikadhani chumvi imekuja na upepo, imeingia taratibu miaka yote hii, basi.

Binamu hakukubali upesi. Alitoboa slabu kwa keekee sehemu nne, akakusanya unga kwa kina: wa juu kwenye mfuko wake, wa sentimita mbili kwenye mfuko wake, wa nne, wa sita. Akaupeleka maabara Dar. Nilimwuliza kwa nini asichukue konzi moja tu, akanijibu kwamba chumvi ya upepo ina tabia yake: nje nyingi, ukizidi kwenda ndani inapungua, kama joto la chapati iliyoepuliwa sasa hivi.

Majibu yalikuja kwa simu wiki mbili baadaye. Chumvi ilikuwa sawasawa, nje mpaka ndani. Kina cha sita kilikaribiana na kina cha kwanza, na kote kloridi yake imepita ile asilimia 0.4 ya uzito wa saruji ambayo wahandisi wengi wanaihesabu kuwa mwanzo wa hatari.

"Hii haikuingia," binamu akasema. "Imezaliwa humo."

Nikanyamaza. Nilikuwa nimeshajua.

Kisima cha chini

Mwaka 1984 nilikuwa na miaka 9. Baba, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amepata saruji kwa kibali baada ya kuisubiri muda ambao mama akiuhadithia unarefuka kila mwaka. Wakati ule hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni. Mifuko ilipofika, haikuwa ya kulala, saruji ikikaa kwenye hewa ya pwani inaganda. Slabu ilitakiwa imwagwe kesho yake.

Bomba halikutoa maji. Yale ya bwawa la Mabayani yalikuwa yanafika kwetu usiku wa manane, yakipenda. Lakini chini, karibu na mikoko, kulikuwa na kisima.

Kila mtu alikijua kisima kile. Maji yake ni ya kuoshea vyombo na miguu. Ukiyachemshia chai ya maziwa, maziwa yanakatika. Hakuna aliyewahi kusema hayafai kwa zege, maana hakuna aliyeulizwa.

Mchanga ulikuja kwa mkokoteni kutoka ufukweni. Fundi aliuchota kwenye kiganja akausifia: msafi, hauna udongo hata chembe. Na kweli ulikuwa msafi, bahari imeuosha. Akachanganya chini, kwa beleshi, moja-mbili-nne, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, na kila mchanganyiko ulipokuwa mzito kwenye beleshi alipaza sauti: "Maji!"

Maji nilikuwa mimi.

Nilikuwa na ndoo mbili ndogo na njia yangu mwenyewe iliyopita nyuma ya mkungu. Sikumbuki nilikwenda mara ngapi. Nakumbuka viganja vilivyochubuka na kashata niliyopewa jioni. Na baada ya siku ile, kwa wiki nzima nikitoka shule, kazi yangu ilikuwa kupanda ngazi na kuimwagilia slabu isipasuke. Kwa maji yaleyale.

Sijisingizii kosa la mtoto wa miaka tisa. Ila naijua chumvi ile kwa uzito wake mabegani, na sijui niiweke wapi habari hiyo.

Alijua?

Hili ndilo lililotugombanisha na dada yangu mkubwa. Nilipoandika kwenye kundi la familia kwamba slabu ilichanganywa kwa maji ya chumvi, alijibu kwa sauti ya dakika nne. Baba alijenga kwa mshahara wa ualimu, wengine mpaka leo wamepanga, marehemu hasemwi.

Sikumsema. Nilikuwa nauliza.

Maana baba alikuwa na baiskeli. Phoenix nyeusi. Kila Ijumaa aliifuta kwa kitambaa chenye mafuta, na akirudi nayo kutoka ufukweni aliisuuza kwa maji ya bomba, hata kama maji yenyewe ya kunywa yamebaki debe moja. Huwezi kuniambia mtu yule hakujua chumvi inafanya nini kwa chuma.

Nilikuja kupata nusu ya jibu Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, na nilikwenda kule kwa shughuli nyingine kabisa, kumrudishia mtu gari lake. Nikapita kwenye magofu kwa sababu nilikuwa na saa moja ya kupoteza. Msikiti ule na makaburi yale ya nguzo ni ya karne ya 14 na 15. Yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mawe yametolewa baharini, chumvi wanayo tangu kuzaliwa. Nguzo nyingi zimeanguka, sitaki kudanganya kwamba wazee walijenga vya milele. Lakini nilipozichungulia zilizovunjika sikuona doa la kahawia hata moja. Zimeanguka kwa uzee. Hakuna kilichovimba ndani yake, kwa sababu hakuna chuma ndani yake.

Nyumba ya babu, iliyokuwa kiwanja hichohicho, ilikuwa ya mawe, chokaa na boriti za mikoko. Maji yake yalitoka kisima hichohicho. Haikudhurika. Kwa hiyo fundi wa 1984 alipochota maji yale hakuwa mzembe. Alikuwa na ushahidi wa karne kadhaa kwamba ukuta haudhuriki na chumvi. Kilichobadilika ni kitu kimoja tu, zile nondo, na kila mtu pale alikuwa anaamini kwamba chuma kikishazikwa ndani ya zege kimezikwa kweli. Zege linaonekana kama jiwe. Kumbe lina vitundu visivyohesabika, linakunywa maji kama sponji ya binamu.

Hii ni nusu ya jibu. Baiskeli bado inanisumbua.

Na kuna jambo jingine ambalo siwezi kumsukumia babu wala kisima. Nondo zilikuwa karibu mno na uso wa zege. Walizilaza juu ya kokoto ndogo ili zisiguse mbao, kokoto zikateleza walipozikanyaga, zikakaa hivyo. Tulipopima, mahali pengine zege lililozifunika lilikuwa milimita 12. Karibu na bahari inatakiwa 50 au zaidi. Nilifikiri tofauti ni ya kujumlisha, kwamba ukiongeza unene mara mbili unapata muda mara mbili. Binamu akacheka. Chumvi inayotoka nje ikisafiri ndani ya zege inazidi kuchoka kadiri inavyokwenda, ukiongeza unene mara mbili unapata karibu mara nne ya muda. Sentimita chache za zege, ambazo zingegharimu labda mfuko mmoja.

Mfuko ambao, mwaka ule, haukuwepo.

Gati

Siku moja maji yamekupwa binamu alinipeleka kwenye gati dogo la wavuvi akanionyesha nguzo. Nilitegemea kuona zimeoza chini, kwenye maji. Chini zilikuwa nzima, zimevaa chaza na mwani. Uozo ulikuwa juu, pale bahari ya bamvua inaporushia mawimbi halafu jua linakausha. Pale nondo zilikuwa nje kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Kutu inataka chumvi na hewa kwa pamoja, na chini kabisa ya maji hewa ni haba. Inayokufa ni sehemu inayolowa na kukauka, kulowa na kukauka.

Baraza la mama linalowa na kukauka. Juu yake nilikuwa nimeweka tangi la maji. Lita elfu moja, na koki inayovuja.

Tangi tulilishusha siku hiyohiyo.

Kundi la familia

Basi ikabaki fedha. Njia zilikuwa tatu. Kuziba tena na kungoja zamu ya pili ya majirani. Kuweka zinki: vipande vinavyofungwa kwenye nondo kabla ya kuziba, vikaliwa vyenyewe badala ya chuma. Ujanja huu mabaharia wanaujua siku nyingi, wanaopaka boti rangi pale Deep Sea, Tanga, watakuonyesha zinki iliyoliwa karibu na pangaboi la injini. Mwingereza Humphry Davy aliufanyia majaribio kwenye meli za jeshi mwaka 1824. Ukafara tena, ila wa makusudi. Nilitamani sana iwe hiyo, kwa sababu niliielewa. Binamu akaniambia zinki inasaidia pale nyama ya nondo ingalipo, na hizi za kwetu hakuwa na uhakika nazo.

Njia ya tatu ni kubomoa.

Kuna aliyesema tungoje korosho. Kuna aliyesema mbona imesimama miaka 40. Mwingine akauliza kama hakuna nondo zisizoshika kutu, na zipo: Progreso, Mexico, kuna gati refu lililomalizika mwaka 1941 kwa nondo za chuma cha pua na mpaka leo limesimama baharini. Bei yake ilipotajwa kundi likanyamaza siku mbili.

Katika ukimya huo binamu akatuma habari ya Surfside, Florida. Jengo la ghorofa 12, lilijengwa 1981, pembeni mwa bahari. Mwaka 2018 mhandisi aliandika kwamba zege la chini lina nyufa na kumeguka, na maji yanatuama juu ya slabu kwa sababu ilijengwa bila mteremko. Wenye nyumba wakakaa vikao, wakabishana nani achangie kiasi gani. Usiku wa tarehe 24 Juni 2021 sehemu kubwa ya jengo ilikwenda chini, watu 98 wakafa wengi wakiwa wamelala. Mambo yaliyoliangusha ni mengi, udhaifu wa mchoro wenyewe ukiwemo, na binamu aliliandika hilo wazi asije akaonekana anatutisha. Mimi sikuona jengo. Niliona vile vikao. Niliona kundi letu.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyetuma fedha wa kwanza. Hakuandika neno.

Mizani

Tulibomoa Jumamosi, mimi, fundi mmoja na vijana wawili. Mama alihamishia mkeka chini ya mnazi akatusimamia kutoka kule.

Jirani anajenga. Mchana ule ule lori lilimwaga mchanga mweupe mlangoni kwake, wenye vipande vya kombe. Nikavuka nikamwamkia mzee, nikamwuliza umetoka wapi. "Pwani hapa, mwanangu, mzuri huu." Nikamwambia habari ya nondo, nikamwambia walau uoshwe kwa maji yasiyo na chumvi. Akanisikiliza kwa adabu yote. Sijui kama nilimsaidia au nilimpa tu hadithi ya kumsimulia fundi wake.

Nondo zilitoka moja moja. Kwenye kiraka changu zilikuwa nzima, na rangi yangu bado ipo. Pembeni zilikuwa nyembamba kama peni, mahali pengine zimechimbwa vishimo vilivyokaribia kuzikata. Ringi za mhimili wa mbele, vile vyuma vyembamba vinavyozifunga nondo, hazikuwepo tena, kulikuwa na alama zake tu. Na moja, ya ukutani, ambayo labda ilimteleza mtu ikazama ndani zaidi ya wenzake, ilitoka na weusi wake wa kiwandani.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja jioni na mizani ya kuning'iniza. Nilikuwa nimeshahesabu: nondo 24 za milimita 12, kila moja mita mbili na nusu. Mita 60. Nondo ya 12 mpya ina gramu 888 kwa mita, kwa hiyo baba alinunua kilo 53.

Mizani ikasoma 41.

"Nyingine iko wapi?" mama akauliza. Alikuwa anafikiri nimeibiwa.

Nikamwonyesha sakafu. Alikuwa ameshaifagia, amekusanya rundo la unga na magamba ya kahawia. Akamgeukia yule kijana wa mizani.

"Na hii hununui?"

"Hapana, mama. Hiyo siyo chuma."

Mama akauzoa wote kwenye ungo wake uliochanika, akauendea mnazi, akaumwaga kwenye shina na kuusawazisha kwa mguu.

"Mnazi unapenda chumvi," akasema.